Saa ya Mfukoni ya Baba

Wakristo wamezungumza juu ya saa kwa muda mrefu. Mwaka 1802 kasisi mmoja wa Kianglikana wa Uingereza, William Paley, alichapisha kitabu chenye mfano ambao hadi leo unasikika mimbarani, hata kwa watu wasiojua ulikotoka. Mtu akitembea porini akajikwaa kwenye jiwe, hatajiuliza limefikaje pale. Lakini akikuta saa, akaifungua na kuona jinsi magurudumu yake yanavyosukumana kwa kusudi moja, atajua kwamba yuko fundi aliyeitengeneza. Basi na ulimwengu ni vivyo hivyo: una Fundi wake. Ni mfano mzuri, na mmoja wetu ameufundisha kwa miaka mingi katika darasa la kipaimara.

Hata hivyo mfano huo unaishia mahali ambapo shida zetu zinaanzia. Unatuonyesha Mungu aliyetengeneza, lakini hausemi neno kuhusu siku saa inaposimama. Katika nyumba yetu swali halikuwa nani aliyeuumba ulimwengu. Hilo tulikuwa na hakika nalo. Swali letu lilikuwa kama Fundi huyo bado yuko mezani pake, au alikwisha kufunga duka akaondoka.

Tunaandika kama mume na mke. Baba tunayemtaja hapa alimzaa mmoja wetu, na mwingine alimpokea kama mtoto wake tangu siku ya posa. Alikuwa gadi wa treni kwenye Reli ya Kati, njia iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Yeye aliajiriwa wakati wa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, akaendelea baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, hata akastaafu. Gadi alipanda behewa la mwisho akiwa na bendera zake, ya kijani na nyekundu, na daftari la kuandika saa ya kufika na saa ya kuondoka katika kila stesheni. Reli ile ni ya njia moja. Treni zinazotoka pande mbili hupishana stesheni tu, kwa hiyo dakika zilikuwa na uzito ambao sisi tuliozoea kuchelewa hatuujui. Baba alikuwa na saa ya mfukoni, Waltham ya Marekani, aliyoinunua kwa gadi mwenzake aliyekuwa akistaafu. Sisi tuliijua kama sehemu ya mwili wake. Aliitoa, akaitazama, akairudisha, nasi tulijua kama ni wakati wa kula au wa kulala.

Miaka mitano iliyopita Baba alianza kusahau. Kwanza yalikuwa majina, kisha njia ya kurudi nyumbani kutoka kanisani, kisha sisi wenyewe. Daktari alitueleza kwamba ni ugonjwa wa ubongo unaoitwa dimenshia, kwamba si uchawi wala laana, na kwamba dawa ya kuuponya haijapatikana. Tukamleta kuishi nasi Morogoro. Jumuiya yetu iliomba pamoja nasi kwa uaminifu mkubwa. Mhubiri mmoja mgeni aliomba kwa sauti kubwa kuliko wote, na alipoona Baba bado anamwita binti yake kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa, akatuambia imani yetu ni haba. Hatukumjibu. Lakini maneno yale yalilala nasi usiku ule, na usiku mwingine mwingi uliofuata.

Saa nayo ilikuwa imesimama. Baba aliendelea kuibeba mfukoni, na jioni aliitoa, akaitikisa, akaisikiliza, akahangaika. Ilikuwa ikionyesha wakati uleule siku zote, naye kila jioni alidhani amechelewa kazini. Ndipo tukaamua kuitafutia fundi.

Mafundi saa wamebaki wachache. Wengi wao siku hizi hubadilisha betri na mikanda. Tuliyempata sokoni ni mzee wa makamo ya Baba, mwenye meza ndogo ya kioo na lenzi aliyoibana jichoni kana kwamba alizaliwa nayo. Tukamwamkia, "Shikamoo fundi," akaitikia, akaipokea saa kwa mikono miwili. Aliisikiliza, akaizungusha mfuniko wa nyuma ukafunguka kama kifuniko cha chupa, akatazama kwa muda mrefu.

"Haijavunjika," alisema. "Mafuta yamekauka. Mafuta ya saa yakizeeka yanakuwa gundi. Ni ya nani?"

Tukamweleza. Akauliza kama Baba anaijua bado. Tukasema saa anaijua kuliko anavyotujua sisi. Mzee akafunga mfuniko, akasema macho yake hayafai tena kwa kazi ya siku nyingi, na mikono inatetemeka. "Lakini nyinyi ni wawili, mna macho manne. Njooni nitawafundisha. Saa kama hii ilitengenezwa ili ifunguliwe."

Hatukuwahi kushika bisibisi ndogo kuliko ile ya kukazia miwani. Fundi hakuturuhusu kugusa saa ya Baba kwa wiki sita. Alitupa saa nyingine ya zamani, mbovu isiyoweza kupona, akatuagiza tuifungue na kuifunga mpaka tuweze kufanya hivyo bila kuuliza. Tulijifunza majina na kazi za vitu. Nguvu yote ya saa inatoka kwenye kamani, utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa ndani ya kasha la mviringo. Mtu akitia saa ufunguo, anakaza utepe ule. Nao ukitaka kujikunjua unasukuma msururu wa magurudumu manne, moja baada ya jingine. Kama hakuna kinachozuia, kamani ingefunguka yote kwa sekunde chache. Kwa hiyo mwishoni mwa msururu kuna gurudumu lenye meno ya pekee, na kiuma kidogo kinacholikamata na kuliachia, kulikamata na kuliachia. Anayekiongoza kiuma hicho ni gurudumu la mizani, linalopinduka kwenda na kurudi kwa msaada wa kamani nyingine nyembamba kama unywele. Katika saa kama ya Baba, mizani hupiga mara 5 kwa sekunde. Ni mara 18,000 kwa saa moja, na mara 432,000 kwa siku. Moyo wa mtu aliyetulia hupiga kama mara 100,000 tu.

Siku tuliporuhusiwa kuifungua saa yenyewe, tulisubiri Baba alale. Tulifunga madirisha kwa sababu ya vumbi, tukatandika shuka jeupe mezani ili skrubu ikidondoka ionekane, tukawasha taa ya sola karibu kwa hofu ya umeme kukatika. Kwa kuhifadhi skrubu tulitumia kile kiboksi cha dawa cha Baba cha zamani, chenye vyumba saba vilivyoandikwa Jumatatu hadi Jumapili. Skrubu za siku ya kwanza ya kazi zikaingia Jumatatu, na kuendelea. Kila hatua tulipiga picha kwa simu.

Ndani ya mfuniko wa nyuma tulikuta mikwaruzo midogo ambayo jicho tupu lingeidhani ni uchakavu. Chini ya lenzi ilikuwa maandishi. Fundi alitueleza kwamba ilikuwa desturi ya mafundi wa zamani: aliyeihudumia saa aliacha alama yake ndani, ndogo kabisa, pengine na tarehe, ili saa ikirudi ajue ni lini aliigusa. Tulihesabu alama nne. Moja tu ilisomeka vizuri: mwezi wa tano, 1964. Mwaka ule saa ilikuwa tayari na umri wa mtu mzima, maana namba iliyochongwa kwenye mtambo, ikilinganishwa na orodha za kiwanda, ilionyesha kwamba ilitengenezwa katika miaka ya 1910. Kiwanda chenyewe kiliacha kutengeneza saa mwaka 1957.

Hapo ndipo mfano wa Paley ulipotufungukia upande wake mwingine. Waliotengeneza saa ile walikwisha kufa, na kiwanda chao hakipo. Kama saa ingekuwa na mtengenezaji peke yake, ingenyamaza zamani sana. Ilifika mikononi mwetu ikiwa hai kwa sababu watu wanne tusiowajua, kila mmoja kwa wakati wake, waliifungua, wakaisafisha, wakaifunga, wakairudisha kwa mwenyewe.

Jambo la kwanza ambalo fundi alitukazia, na alilirudia kila tulipokutana, ni kulegeza kamani kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Watu husema saa iliyosimama imekufa. Kumbe mara nyingi kamani yake imejaa nguvu, ila nguvu hiyo haina pa kupita. Ukifungua madaraja ya magurudumu ikiwa katika hali hiyo, yatazunguka kwa ghafla na kuvunja meno yake au vidole vyake vya mhimili. Kwa hiyo unashika kitufe cha kutilia ufunguo kwa vidole viwili, unasukuma kando kile kizuizi kidogo kwa kijiti, kisha unaacha kitufe kirudi nyuma polepole kati ya vidole vyako, hatua kwa hatua, mpaka usisikie msukumo tena. Kazi hiyo haina haraka. Nguvu yote iliyofungwa ndani inapita mkononi mwako, nawe unaipokea.

Muuguzi wa kliniki alikuwa ametuambia jambo hilohilo kwa maneno mengine. Wagonjwa kama Baba huhangaika zaidi jua linapozama. Jioni Baba husimama, hutafuta kofia yake, husema treni inaondoka na hakuna gadi. Muuguzi alisema tusibishane naye, wala tusimwambie kwamba alistaafu zamani, kwa sababu kwake habari hiyo ni mpya kila mara na humuumiza kila mara. Basi tunamuuliza, "Treni gani leo, Baba?" Anasema ni ya Tabora. Tunamuuliza mabehewa ni mangapi, na dereva ni nani, na mizigo ni nini. Anajibu, anaketi, anaeleza. Baada ya nusu saa kofia inarudi msumarini. Tulipoilegeza kamani ya saa yake tulitazamana, kwa maana vidole vyetu vilikuwa vikifanya kazi ambayo ndimi zetu hufanya kila jioni.

Kusafisha kulichukua usiku wa siku kumi na moja. Magurudumu na madaraja tuliyaosha kwa petroli nyepesi ya kujazia viberiti na brashi laini. Kiuma hatukukigusisha spiriti, kwa maana vile vito vyake viwili vimeshikizwa kwa gundi ya zamani iitwayo shelaki, na spiriti huiyeyusha. Sehemu ndefu zaidi ilikuwa matundu ya vito. Saa ya Baba ina vito 17, vyekundu, na katika vingi vyake mmetobolewa tundu ambamo ncha ya mhimili huzunguka. Mafuta makavu hujificha humo. Unachonga kijiti kiwe na ncha kali, unakiingiza tunduni, unakizungusha, unakitoa, unakitazama. Kimetoka cheusi. Unachonga tena. Unarudia mpaka kijiti kitoke cheupe kama kilivyoingia. Kisha unakwenda kwenye tundu linalofuata.

Tulifikiri kwamba usiku zile zingetuchosha. Mchana tulikuwa tumekwisha kumwogesha mtu mzima anayekataa kuogeshwa, tumefua mashuka mara mbili, tumejibu swali moja mara arobaini. Lakini katika kuzungusha kijiti kile tulipata mahali pa kuomba tena. Tangu siku ya yule mhubiri sala zetu zilikuwa zimebaki na ombi moja tu, kwamba Baba apone, na kila asubuhi ilikuwa jibu la hapana. Mezani pale, bila kupanga, tulianza kuomba mambo madogo. Tuliomba ale vizuri kesho. Tuliomba asianguke. Tuliomba tusimkaripie. Na tulipoyatazama maombi hayo tuligundua kwamba mengi yake yalikuwa yamejibiwa siku nyingi sana.

Kazi moja fundi aliifanya kwa mkono wake mwenyewe, kufungua kasha la kamani, kwa maana utepe ule ukiruka unaweza kumjeruhi asiyejua. Mafuta tulitia sisi, kwa ncha ya sindano, tone dogo kuliko jicho la sisimizi kwa kila tundu. Mafuta yakizidi hutambaa, hukusanya vumbi, na kuleta ugonjwa uleule yaliyokuja kuuponya. Meno ya magurudumu hayatiwi mafuta kabisa. Kisha tukarudisha kila kitu kutoka Jumapili hadi Jumatatu, na mwisho kabisa gurudumu la mizani. Lilipokaa mahali pake lilisita, likapinduka, likarudi, likapinduka tena. Hakuna aliyesema kitu. Tuliinama wote wawili tukasikiliza.

Asubuhi yake tulimpa Baba. Aliishika, na kabla hatujasema neno kidole gumba na cha shahada vilikwenda kwenye kitufe vikaanza kuikaza, taratibu, mpaka mwisho, wala hakupitiliza. Akaiweka sikioni. Akaitazama, kisha akatazama saa ya ukutani.

"Inachelewa," alisema.

Ilikuwa kweli. Ilikuwa inapoteza kama dakika nne kwa siku. Ndani kuna kishale kidogo kati ya herufi F na S, nasi kwa jioni kadhaa tulikisogeza kidogo kidogo kuelekea F, tukiilinganisha na mlio wa redio kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, mpaka Baba akaacha kulalamika.

Lakini tuseme ukweli wote. Asubuhi ileile, baada ya kutuambia inachelewa, Baba alituuliza kwa adabu, "Nanyi, wanangu, ni wa nani?" Saa yake ilikuwa imerudi, yeye hakurudi. Hatukuwa tumesema kwa midomo kwamba tulitumaini hivyo, lakini tulitumaini. Binti yake akamjibu, "Sisi ni wa kwako, Baba." Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kusikiliza saa.

Tumelitafakari jambo hilo mwaka mzima sasa. Chuma kinaweza kusafishwa kikawa kama kilivyokuwa. Ubongo wa mzee wetu hauwezi kwa mkono wa mtu, na Bwana, ambaye anaweza, hajafanya hivyo. Hatuna maelezo, wala hatutafuti tena mtu wa kulaumiwa, iwe Baba, sisi au imani yetu. Tunachoweza kushuhudia ni hiki. Nabii Isaya, katika sura ya 46, anazilinganisha sanamu ambazo watu huzibeba na Mungu anayewabeba watu wake tangu tumboni hata mvi zao. Hapo hatukukuta ahadi kwamba wazee watarudi ujanani. Ahadi ni kwamba watabebwa. Nasi tunapomwinua Baba kutoka kitandani, mmoja kulia na mwingine kushoto, tunaamini kwamba kuna watatu wanaoinua.

Huyo ndiye Mungu tuliyemwona kwenye lenzi. Si fundi aliyetengeneza saa, akaiuza, akafunga duka. Ni yule anayefungua, anayelegeza kilichokazwa, anayerudia tundu moja mara ishirini, na kuacha alama yake mahali ambapo haionekani mpaka mtu afungue. Wengi wa watumishi wake hawatajwi majina. Yule wa mwezi wa tano 1964 hakujua kwamba anatuhudumia sisi.

Saa kama ya Baba haiwezi kutiwa ufunguo wa wiki nzima. Ina nguvu ya siku moja na ziada kidogo, kama ile mana ya jangwani iliyookotwa kila asubuhi kwa mahitaji ya siku hiyo. Kwetu hutiwa saa tatu usiku, baada ya sala. Siku nyingi Baba huitia mwenyewe. Siku nyingine huishika akaitazama asijue afanye nini, ndipo mmoja wetu humshika vidole, tukaikaza pamoja.

Ndugu msomaji, labda nawe unamtunza mtu asiyekujua tena, na umeambiwa kwamba kama ungeamini zaidi angepona. Tunakuomba usiyabebe maneno hayo. Mpe chakula chake cha leo. Muulize treni gani inaondoka. Lala kidogo ukiweza, kwa maana anayekulinda wewe na yeye halali. Na kama unamjua mtu anayefanya kazi hii peke yake, usimpelekee mafundisho. Nenda Jumamosi saa nne asubuhi, umwambie akapumzike, ukae na mzee wake mpaka jioni.